Monocypher kwenye Cortex-M0: nyota nne

Monocypher ni maktaba ya kusimba data kwa siri. Maktaba niliyoanza nayo kabla yake, sitaitaja, ilipita majaribio yote kwenye laptopu. Nikaipakia kwenye mita ya maji yenye chipu ya Cortex-M0, ikagoma pale pale: HardFault, yaani hitilafu inayosimamisha programu. Kumbe ujumbe wangu huanza na baiti moja inayotaja aina yake, kwa hiyo data iliyosimbwa ilikuwa inaangukia anwani 0x20000401, na ile maktaba inasoma baiti nne kwa mkupuo. Laptopu huvumilia. M0 haina masihara: neno la biti 32 lazima lianze kwenye anwani inayogawanyika kwa nne.

Monocypher, faili mbili tu za C, huchukua baiti moja moja na kuzisogeza biti 8, 16, 24 mahali pake. Sikugusa hata mstari mmoja. Hata chipu inayohifadhi kwanza baiti yenye uzito mkubwa (big-endian) itapata jibu lile lile.

Lalamiko langu: haina SHA-256, kanuni ya kutoa “alama ya kidole” ya data. Nikaiandika mwenyewe, neno la majaribio “abc” likanipa jibu linaloanza na bf1678ba badala ya ba7816bf. Nilisahau kugeuza baiti wakati wa kutoa jibu. Jioni nzima ilipotelea hapo, jamani.