Siku moja katika njia ya hongo: tathmini ya safari ya Dodoma hadi Kilimatinde

Mwezi Julai nililipa shilingi 90,000 kwa safari ya siku moja inayoandaliwa na kampuni ndogo ya waongoza wageni hapa Dodoma, ambayo sitaitaja kwa jina kwa sababu nina lawama mbili tatu juu yake. Safari inatangazwa kuwa inahusu kuingia kwa ukoloni na upinzani dhidi yake katika Ugogo. Bei inajumuisha gari, chakula cha mchana, maji ya kunywa na mwongozaji, ambaye kwetu alikuwa mzee wa Kigogo, mwalimu mstaafu, aliyetupokea kwa "Mbukwenyi!" na hakukubali gari liondoke hadi kila mmoja wetu, wakiwemo vijana wawili waliofika kwa treni ya SGR kutoka Dar es Salaam, alipoitikia ipasavyo.

Sehemu bora ya safari hii ni mwendo wenyewe kati ya Dodoma na Bahi, na sababu yake ni jinsi Mzee anavyolieleza neno hongo. Sisi wa leo tukilisikia neno hilo tunafikiria bahasha chini ya meza, lakini katika karne ya 19 lilitaja malipo ya wazi ambayo misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliwalipa watemi wa Ugogo kwa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya. Nchi hii ni kavu; msafara wa mamia ya wapagazi haukuweza kuivuka bila maji na nafaka za wenyeji, na mtemi aliyewafungulia visima vyake aliona ni haki yake kulipwa. Wasafiri wa Kizungu, akiwemo Stanley aliyepita hapa mwaka 1871, waliyaandika malipo hayo kama unyang'anyi. Mzee alimwomba dereva asimame, akatuonyesha uwanda uliokauka na kutuuliza kama tungemwita mwizi mtu anayetuuzia maji mahali kama pale. Hakuna aliyejibu.

Kutoka hapo anaunganisha vizuri na yaliyofuata. Carl Peters, ambaye mikataba yake ya mwishoni mwa 1884 ilikuwa msingi wa madai ya Ujerumani juu ya nchi hii, alipita Ugogo mwaka 1890 akirudi kutoka Buganda, akagoma kulipa hongo, akapigana na wenyeji, akachoma vijiji na kuswaga ng'ombe. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1898, serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, nayo iliita malipo hayo halali. Aliyekataa kulipia njia katika nchi ya watu akageuka kuwatoza wenye nchi kwa kulala katika nyumba zao! Mzee hakulisema hivyo, ni maneno yangu, lakini ni yeye aliyenifikisha huko, na kwa hilo peke yake sijutii fedha yangu.

Kilimatinde nayo inafaa kutembelewa. Ukisimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa na kutazama mbuga za Bahi zilivyotandazwa chini, huhitaji maelezo marefu kuelewa kwa nini Wajerumani walichagua kuweka kituo cha kijeshi hapo katika miaka ya 1890. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaendelea magharibi kupitia Manyoni bila kuigusa Kilimatinde, na mji ukapoa. Bahati mbaya tulipewa dakika arobaini tu mahali hapo, kwa kuwa muda mwingi ulikuwa umeshatumika kwa jambo ambalo ndilo lawama yangu kubwa.

Jambo lenyewe ni Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Chini ya mti tulisimuliwa kwa zaidi ya saa nzima habari za Lugalo, Agosti 1891, ambako Wahehe walimuua Zelewski, kamanda wa Kijerumani, na kukiangamiza kikosi chake. Kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwaka 1894. Kifo chake cha mwaka 1898 na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954. Yote ni kweli na yalisimuliwa kwa ufundi, lakini hayo ni ya Iringa. Ugogo walimjua Mkwawa kwa sura nyingine, kwa kuwa vikosi vya Wahehe vilikuwa vikivamia huku na kuchukua mifugo, hivyo hesabu ya mtemi wa Kigogo aliyekuwa na Wahehe upande mmoja na Wajerumani upande mwingine haikuwa nyepesi kama inavyosimuliwa. Safari inayouza jina la Ugogo ilipaswa kukaa katika hesabu hiyo, badala ya kuazima shujaa kwa jirani.

Aidha, mwongozaji msaidizi, kijana mchangamfu, alieleza vizuri jinsi Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, alivyokishambulia kituo chao cha Mpwapwa mwaka 1889, kisha akasema alinyongewa Bagamoyo. Alinyongewa Pangani, Desemba mwaka huo huo. Nilimwambia pembeni, naye aliandika.

Pengo lililoniuma zaidi ni Mtunya, njaa kuu iliyoikumba Ugogo kutokana na Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilibidi niulize mwenyewe, tukiwa tayari njiani kurudi, ndipo Mzee akaeleza jinsi majeshi ya Kijerumani, na baada ya Julai 1916 ya Waingereza, yalivyochukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua zilipokosekana njaa ikaua watu wengi kati ya 1917 na 1920. Alieleza kwa sauti ya chini, akitumia maneno ya bibi yake, na ndani ya gari palikuwa kimya hadi Bahi. Sielewi kwa nini simulizi kama hilo halimo katika ratiba.

Chakula kilikuwa ugali wa uwele, mlenda na mbuzi wa kuchoma, cha kutosha na cha moto. Gari lilikuwa safi, ingawa kiti cha nyuma kabisa hakimfai mtu mwenye miguu mirefu.

Atakayekwenda achague miezi ya Juni hadi Septemba, abebe kofia, na amwambie Mzee mapema, kabla hata ya kutoka mjini, kwamba anataka kusikia habari za Mtunya. Kampuni ina safari nyingine ya kwenda Mpwapwa, nami nimeshaweka nafasi, kwa sharti kwamba atuongoze Mzee mwenyewe.