Helmeti mbili za baiskeli, ya mtumba na mpya: nilivyozivaa barabara ya Mtwara hadi Mikindani

Naanza na bei, maana ndilo swali la kwanza kila ninaposimamishwa njiani. Ya mtumba niliinunua shilingi 12,000 kwenye turubai la mitumba karibu na Soko Kuu hapa Mtwara. Hii mpya ninayovaa sasa ni 48,000 Kariakoo, na 5,000 ya kuisafirisha kwa basi. Ya kwanza niliivaa miezi minne, ikavunjikia kichwani mwangu. Ya pili inaingia mwezi wa saba.

Naishi Magomeni, nafundisha shule ya msingi Mikindani. Ni kilomita 10 hivi kwenda na 10 kurudi, siku tano kwa wiki, napitia Mangamba. Wanaoijua barabara hiyo wanajua hali yake. Asubuhi kuna bodaboda, bajaji, daladala, wauza samaki na madeli yao kwenye keria, na msimu wa korosho ukifika malori yanapishana kwenda bandarini usiku na mchana. Siku hizi na ya makaa ya mawe yameongezeka. Sisi wa baiskeli tunabaki na ukingo wa lami, na ukitoka hapo ni mchanga.

Ile ya mtumba ilikuwa ya bluu, jina la kampuni limefutika kwa jua, lakini ndani kulibaki kikaratasi kimeandikwa EN 1078, saizi sentimita 54 hadi 58. Namba hiyo ndiyo ya kutafuta. Ni kipimo cha Ulaya cha helmeti za baiskeli. Za Marekani huandikwa CPSC. Muuzaji alikuwa na nyingine nyekundu inayong'aa, akanisisitizia nichukue hiyo. Nikaigeuza. Ganda la plastiki na sponji laini, basi. Nikamrudishia.

Ukienda kwenye mtumba achana na rangi. Igeuze, toa visponji, utakutana na povu gumu, kama lile jeupe linalofungiwa televisheni mpya kwenye boksi. Libonyeze kwa dole gumba kila mahali, pitisha na kucha. Ukikuta ufa, hata mwembamba kama unywele, usinunue, huenda ilishaanguka na mtu. Povu hilo ndilo helmeti yenyewe. Ganda la nje linalishikilia lisisambaratike na linasaidia kichwa kiteleze juu ya lami kisinase. Kazi ya povu ni kupondeka. Ukigonga chini linapondeka lenyewe na kukipunguza kichwa mwendo taratibu kidogo, badala ya fuvu kupokea kishindo chote kwa mkupuo. Na likishapondeka limemaliza kazi yake.

Langu lilimaliza kazi mwezi wa Februari. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ikasomba mchanga na kuulaza juu ya lami kwenye mteremko wa kushukia Mikindani. Sikuwa na mwendo mkali. Mbuzi wawili wakakatiza, nikashika breki ya mbele, gurudumu likateleza. Ninachokumbuka ni mlio, kama mtu kanipasulia kifuu cha nazi sikioni. Nilijikuta nimelala ubavu wa kulia, kichwa kwenye ukingo wa zege wa kalavati, kiwiko kimechubuka, sketi imechanika, madaftari ya darasa la sita yametapakaa barabarani.

Mama mmoja muuza mihogo ndiye aliyenikalisha chini ya mwembe, akanifungua kifungo cha kidevuni. Akaishika helmeti mkononi muda kidogo kabla hajasema kitu. "Mwanangu, hebu tazama." Juu kidogo ya pale penye sikio la kulia, povu lilikuwa limebonyea kama kitumbua kilichokandamizwa kwa kidole, na ufa umetoka hapo mpaka kwenye tundu la hewa. Nikapeleka mkono kichwani mahali hapohapo. Palikuwa pananiuma kidogo tu. Nikaanza kulia, na yale machozi hayakuwa ya kiwiko.

Fundi wangu wa baiskeli, mtu ninayemwamini sana, alininyooshea ringi, kisha akaigeuzageuza helmeti. "Mwalimu, hii gundi inashika, bado nzima kabisa." Nilimkatalia. Nawaomba na ninyi mkatae. Gundi itaziba ufa uonekane haupo, lakini povu lililobonyea halitabonyea tena pale unapolihitaji.

Sikuitupa hata hivyo. Nafundisha Sayansi, nikaipeleka darasani na nazi mbili zilizofuliwa. Tulipima mita moja na nusu ukutani, tukachora mstari wa chaki. Kimo hicho sikukiokota tu: wapimaji wa EN 1078 huiangusha helmeti ikiwa na kichwa cha bandia ndani yake, kutoka kimo cha karibu hapo, juu ya chuma bapa. Kitu kikianguka toka hapo hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, ambao ndio mwendo wangu kwenye njia tambarare nikiwa sijachelewa.

Nazi ya kwanza tuliiachia tupu juu ya sakafu ya saruji. Ikapasuka vipande viwili, maji yakarukia viatu vya waliokaa mbele, darasa zima vicheko. Ya pili tuliifunga ndani ya helmeti kwa vipande vya kanga kuukuu, tukahakikisha inatangulia upande wa kushoto uliokuwa bado mzima. Ikaanguka. Wakanyamaza. Mtoto mmoja akaifungua, akaitikisa karibu na sikio, akasema maji yamo. Tukairudisha humohumo, tukaiangusha mara nyingine ifikie palepale palipokwisha kubonyea. Safari hii ikapasuka. Sikuhitaji kuwaeleza tena kwa nini niliikataa gundi ya fundi.

Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na lori je?"

Nilimjibu ukweli. Helmeti haijapimwa kwa lori. Imepimwa kwa mtu anayeanguka mwenyewe na kichwa chake kugonga chini. Gari kubwa likikupitia kwa mwendo wa kilomita 80, hakuna povu la kuzuia hilo. Aliniangalia kama mtu aliyedanganywa, na lile jicho lake bado linanisumbua, kwa sababu ndiyo hoja ya kaka yangu pia, naye si mtoto.

Kaka anauza samaki kwa baiskeli tangu mimi sijamaliza shule. Phoenix nyeusi, deli nyuma, kengele inayosikika nyumba tano. Nilipomwonyesha helmeti mpya aliipima kichwani kwa heshima, akanirudishia. "Mdogo wangu, kichwa changu hakijawahi kuanguka chenyewe. Kinachonitisha ni lile lori linalonipita hadi upepo wake unanivuta. Hicho kikofia kitaliambia nini lori?" Mwalimu mwenzangu mmoja anayesoma sana akamuunga mkono kwa mifano ya mbali. Akasema Uholanzi, ambako karibu kila mtu ana baiskeli, wengi wanaendesha kichwa wazi na wala si lazima kuvaa. Akasema Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alifunga kipimo kwenye baiskeli yake na kupima magari zaidi ya 2,300 yaliyompita, akaona alipovaa helmeti madereva walimkaribia zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5. Akaongeza na wigi refu aonekane mwanamke kwa nyuma, wakampa nafasi zaidi.

Utafiti huo nimeufikiria sana nikiwa barabarani, maana mimi ni mwanamke, mtandio wangu unaonekana toka mbali, na kuna siku dereva ananipa nafasi na kuna siku hanipi. Wapo watafiti wa Australia waliozipitia upya takwimu zile mwaka 2013 wakasema tofauti hiyo haikuonekana kwenye yale magari yaliyopita karibu kweli, na hayo ndiyo ya hatari. Na mwaka 2016 Jake Olivier na Prudence Creighton, wa Australia vilevile, walikusanya tafiti 40 zenye majeruhi wa baiskeli zaidi ya 64,000. Waliovaa helmeti uwezekano wao wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa mdogo kwa karibu asilimia 70. Ya Uholanzi nayo nakubali, ila Mholanzi ana njia yake ya baiskeli iliyotengwa na magari. Mimi naigawana lami na lori la tani 30.

Msimamo wangu ni huu, na nimebishana nao mwenyewe kwanza. Vaa. Tena mvishe mtoto wako kabla yako. Lakini sitaki iwe lazima kwa sheria hapa kwetu, si sasa. Jimbo la Victoria huko Australia lilifanya hivyo tarehe 1 Julai 1990, la kwanza duniani, na New Zealand ikafuata 1994, na mpaka leo wanabishana kama watu waliacha baiskeli kwa sababu hiyo. Mkamate kaka yangu saa kumi na mbili asubuhi na samaki wanaoanza kulegea, umtoze faini kwa kofia ya 53,000, na lori lililomsukumia mchangani liendelee na safari yake? Hapana. Nataka bega la barabara la lami, pana, toka Mangamba hadi Mikindani, ndipo tuzungumze faini. Hayo mawili nayataka pamoja, na anayeniambia nichague moja hajawahi kushuka ule mteremko siku ya mvua.

Sasa hii mpya. Ni ya kijani kibichi, nayo ina EN 1078. Niliipima kwenye mizani ya duka la sukari, gramu 290. Ina matundu 14, na kwa joto letu la Novemba hayo matundu ni ya lazima. Jasho halikosekani, lakini kichwa hakichemki. Visponji vinatoka, nafua kwa sabuni ya kipande kila Ijumaa jioni, Jumatatu vimekauka. Nyuma kuna kigurudumu cha kubania. Hapo pana kasoro: mchanga ukiingia kinateleza na helmeti inalegea, ikabidi nikisafishe kwa mswaki wa zamani. Taa nyekundu ya nyuma ilikufa wiki ya tatu, na betri yake ya kidonge nimeitafuta mjini nikakosa. Wangetoa hiyo taa wakapunguza bei.

Kina dada mnaovaa mtandio, hili ni lenu. Shifoni inateleza, msijaribu. Mimi navaa ile kofia ya ndani ya pamba, juu yake mtandio mwepesi wa pamba usiokunjwa mara mbili, na nywele nafunga chini kabisa shingoni ili kigurudumu kipate mahali pa kukaa. Pini zote za utosini natoa. Pini iliyobaki kati ya povu na fuvu itakutoboa siku ya kuanguka. Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, isirudi nyuma kama kofia ya sikukuu. Mikanda ikutane chini tu ya sikio, na kidevuni pabaki nafasi ya kidole kimoja. Saizi nilichukua 56 hadi 60, moja juu ya ile ya zamani, kwa ajili ya kitambaa. Nje ya hapo inakaa vizuri, na mwezi wa kwanza wa "mwalimu unaenda mwezini?" ukipita, watu wanazoea.

La mwisho ni duka. Muuza vipuri vya baiskeli ninayemnunulia tairi hakuwa nayo hata moja. Mara ya kwanza alinitolea ya bodaboda. "Mama, helmeti ni helmeti." Niliivaa mpaka nje nikarudi. Nzito, haina hewa, nayo inaziba masikio, na mtu wa baiskeli anayapokea malori kwa masikio kabla ya macho. Nikaagiza yangu Kariakoo. Ilipofika nikampelekea aione, nikamwonyesha povu na ile namba ya ndani. Hakubisha. Safari yake iliyofuata ya Dar alirudi na nne, akazitundika mlangoni, anaziuza 55,000, na tatu zimeshaondoka, moja imechukuliwa na muuguzi wa Ligula. Nampa nyota zote kwa kusikiliza.

Ila zote ni za wakubwa. Za watoto, saizi 48 hadi 52, hana, na nina watoto kumi na mmoja darasani wanaokuja kwa baiskeli, wengine wawili wawili juu ya keria moja. Nimewaandika vipimo vya vichwa kwenye karatasi, kwa uzi na rula, nimemwachia. Amesema anaenda Dar mwisho wa mwezi. Kama kuna mwenye duka Lindi au Masasi anayezo za watoto sasa hivi, aandike hapa chini na bei.