Nimeangalia G20 halafu nikarudia Air Force One, anko alikuwa sahihi

Jumamosi iliyopita anko wangu alikuja nyumbani, nikaona tusikae tunaangaliana tu, ngoja nimwekee muvi ya maana, nikaweka ile G20 ya Viola Davis iliyotoka Aprili 2025 kule Prime Video. Dakika ya ishirini hivi kashaanza kusinzia. Milio ya risasi ikamwamsha, akauliza "huyu mama ndo rais wa Marekani?" nikamwambia ndio anko, akasema basi ni ile ile ya ndege, wameihamishia hotelini. Akalala tena.

Mimi nikaimaliza. Kesho yake nikaitafuta hiyo ya ndege, Air Force One ya 1997 (jina hilo ni la ndege ya rais wa Marekani), nikaitazama mwanzo mwisho kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima ninayeelewa wanachoongea, maana mara ya kwanza niliionea banda umiza huku Temeke, mkanda haujatafsiriwa, kwa hiyo mtafsiri wetu alikuwa kaka mmoja anakaa benchi la mbele eti Kiingereza kinapanda. Yule kaka alitudanganya aisee. Alituambia Gary Oldman ndo rais, kapinduliwa, anadai ndege yake! Banda zima tukawa tunamshangilia jambazi mpaka Harrison Ford alipoanza kukunja watu mmoja mmoja ndo tukashtuka, huyu mbona hafi, kumbe ndo staringi, tukahama wote bila aibu.

Stori kwa ambao hawajaiona. Rais James Marshall, ndo Harrison Ford, anatoa hotuba Moscow kwamba kuanzia leo Marekani haijadiliani na magaidi, mambo ya kuogopa basi. Anapanda ndege kurudi kwake, kumbe wale waandishi wa habari wa Kirusi waliopewa nafasi ndani ni majambazi, na kuna mlinzi wake mwenyewe kawauza. Wanataka Jenerali Radek aliyekuwa anaitawala Kazakhstan atolewe gerezani. Walinzi wanamkimbiza rais kwenye kidude cha kujiokolea, kinaruka, kila mtu anajua kaondoka nacho, kumbe mzee kabaki chini kwenye mizigo.

Hicho kidude kwenye ndege halisi hakipo. Bill Clinton ndo alikuwa Ikulu wakati huo, aliiona mara mbili na akaisifia, ila hilo la kidude na yeye alilisema.

Sasa sikilizeni kilichonishika mimi. Sio ngumi. Ni pale rais anapekua mabegi ya watu kule chini anapata simu, halafu hajui inavyotumika! Mkuu wa nchi yenye mabomu ya nyuklia kainama kwenye kona anasoma kile kijitabu cha maelekezo kama mimi nilivyosoma cha jiko la gesi. Anapiga Ikulu, dada wa kupokea simu hamwamini, anamwona mhuni tu kama wahuni wengine wanaopiga kujiita rais. Anabaki anambembeleza mfanyakazi wake mwenyewe. Pale ndo nilimpenda, maana mtu aliyezoea kupigiwa saluti kila mlango leo hana hata wa kumbonyezea namba. Halafu kuna pale pa kukata nyaya ili amwage mafuta ndege ilazimike kutua, kuna nyaya tano za rangi tofauti na anatakiwa aguse zinazohusika, anaamua kuziamini zenye rangi za bendera yake. Ujinga mtupu ule, najua, ila jasho lilinitoka.

Na kingine ambacho utotoni sikukiona kabisa: ile hotuba ya Moscow anaivunja mwenyewe. Jambazi kaelekeza bunduki kwa mtoto wake wa kike, basi, msimamo wote umeyeyuka, anapiga simu Radek aachiwe. Wakati abiria wengine walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine huku yeye anasikia, hotuba ilikuwa bado inafanya kazi. Muvi haimuulizi hilo swali, inapita haraka haraka kama mtu anayedaiwa akipita mbele ya duka. Mimi ningependa wasimame hapo kidogo. Ila basi angalau limo, ukitaka kuliona unaliona.

Halafu ile sini ya Radek anatoka gerezani, wafungwa wanaimba wimbo wa wajamaa, anatembea taratibu na koti lake, hasemi neno, na muziki wa Jerry Goldsmith uko juu mpaka unasahau upande wako ni upi. Kwa dakika nzima nilitamani afike kwenye helikopta. Baadaye ndo nikajua huyo ni Jürgen Prochnow, ndo alikuwa kapteni wa nyambizi kwenye Das Boot ya 1981, muvi ya mwongozaji huyo huyo, Wolfgang Petersen. Hapo ndo nikaelewa kwa nini ndege inabana vile, yule mzee alishazoea kufungia watu ndani ya chuma na kuwaacha watokwe jasho.

Wachambuzi waliipokeaje? Wengi vizuri tu, ingawa sio kwa kushangaa. Roger Ebert aliipa nyota mbili na nusu kati ya nne, malalamiko yake yalikuwa kwamba haya yote yameshaonekana kwenye muvi nyingine, na hakukosea. Watazamaji hawakujali. Ilitengenezwa kwa kama dola milioni 85 ikaingiza milioni 315 duniani, na ikateuliwa Oscar mbili, za sauti na uhariri. Wote, wachambuzi na sisi wa bandani, tunaungana sehemu moja tu, mwisho pale ndege inapoangukia baharini, picha za kutengenezwa na kompyuta za 1997 ziliwaangusha vibaya. Inadunda kwenye maji kama kitu cha plastiki kwenye beseni. Hata bandani watu waliguna.

Sasa turudi kwa mama. G20 sio mbaya kama anko alivyoifanyia kwa usingizi wake. Viola Davis anaitwa Rais Danielle Sutton, mwanajeshi wa zamani wa vita vya Iraq, kaenda Cape Town na familia kwenye mkutano wa G20, ule wa viongozi wa nchi zenye uchumi mkubwa duniani, hoteli inatekwa na Antony Starr na genge lake, wanatengeneza video feki za viongozi ili uchumi uyumbe na sarafu za kidijitali zipande. Wazo zuri, la leo kabisa. Na mama anapigana kweli, gauni jekundu mwilini, pumzi inasikika, ukimwangalia usoni unaona mtu anayeumia. Wachambuzi wengi walisema hivyo hivyo, mama kaibeba, kilichoandikwa ndo hakimstahili. Nakubaliana nao asilimia mia. Shida yake ni kwamba huyu rais hakwami. Anajua kupiga, anajua silaha, anajua kujificha, hakuna kijitabu cha simu hapa. Na adui anaongea mno, anahutubu weee, wakati Oldman alikuwa anaweza kunong'ona tu kwa yule mtoto ukataka kuzima tivii.

Kilichoniudhi zaidi ni Afrika yenyewe. Mpango wa huyu rais ni kuwasaidia wakulima wa Afrika wawe na pesa za kidijitali. Jamani. M-Pesa ilianza Kenya 2007, mwaka uliofuata ikawa huku kwetu, bibi yangu kijijini anapokea hela ya mahindi kwenye kitochi na anajua makato kuliko mimi, halafu 2025 anakuja mtu na gauni zuri kutufundisha kutumiana hela? Cheka tu. Imepigwa Cape Town kweli ila Waafrika Kusini wengi mule wanabeba trei au wanakimbia, na mlima unaonekana kama kalenda ya ukutani. Halafu maisha yakaja kuchekesha kuliko muvi, maana mkutano wenyewe wa G20 ulifanyika kweli Afrika Kusini Novemba mwaka huo huo, Johannesburg, wa kwanza kufanyika Afrika, na Marekani ikaususia. Kwenye muvi rais wao anawapigania wenzake mpaka damu, kwenye ukweli kiti kitupu.

Kama una jioni moja tu weka ya ndege. Kama unazo mbili weka ya mama siku ya pili, ila usiitazame na mtu aliyeona ya kwanza, atakuharibia. Zile mbili za 2013 za Ikulu ya Marekani kuvamiwa, Olympus Has Fallen na White House Down, mimi siziweki kundi hili, mule kazi kubwa inafanywa na mlinzi, rais anaokolewa. Na Heads of State, ile ya John Cena na Idris Elba, hiyo ni vichekesho, kula bisi ucheke ulale.

Jana anko kapiga simu, anaulizia kama naweza kumtilia ile ya ndege kwenye flashi. Nimemtilia. Na G20 nimeiweka humo humo, ataifuta mwenyewe.