Sanduku la safari la plastiki ngumu: lipi ununue, lipi uliache

Sanduku la safari huvunjwa na pigo, si na uzito wa nguo zilizomo. Linaangukia kona kutoka kwenye toroli, au linatupiwa jingine zito juu yake. Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama ganda ni gumu. Muulize kama likibonyea linarudi. Hapo ndipo plastiki hizi zinapoachana, ingawa dukani zote zinang'aa sawasawa.

1. Polikaboneti tupu

Hii naiweka juu bila kusita. Hermann Schnell wa Bayer, Ujerumani, aliivumbua mwaka 1953, na Daniel Fox wa General Electric, Marekani, akaifikia mwaka huohuo kwa njia yake. Kofia za wanaanga wa Apollo zilitengenezwa kwa plastiki hii, na santuri za CD pia. Ganda lake likipigwa hupinda, hulimeza pigo, kisha hurudia umbo lake. Ndiyo maana kiwanda kinaweza kulifanya jembamba na bado likahimili safari. Joto nalo halilisumbui: huanza kulainika karibu nyuzi 147 za Selsiasi, kwa hiyo buti la gari lililoegeshwa juani si tatizo.

Udhaifu wake ujue kabla ya kulipa. Inakwaruzika upesi, hivyo chagua ganda lenye mistari au vipele vidogo, maana lile laini linalong'aa huonyesha kila mkwaruzo. Petroli, thina na asetoni, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha, huipasua. Isafishe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Tena nyufa hupenda kuanzia kwenye matundu ya skrubu, ambako plastiki imebanwa tayari. Fungua zipu ya bitana, uangalie kwa tochi ya simu pale magurudumu yalipofungwa. Ukiona mistari myembamba kama unywele inayotoka kwenye tundu, lirudishe, hata kama lina punguzo.

2. Polipropilini

Ndiyo nyepesi kuliko zote: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 0.9 hivi, wakati polikaboneti ni gramu 1.2. Lakini haina ukakamavu wa polikaboneti, kwa hiyo ganda hufanywa nene na faida ya wepesi hupungua. Kemikali nyingi za nyumbani haziigusi. Adui yake ni baridi kali, ambayo hufanya aina za kawaida ziwe rahisi kupasuka. Anayesafiri mara mojamoja, na haendi kwenye theluji, hii inamtosha kabisa.

3. Mchanganyiko wa polikaboneti na ABS

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopunjwa, na jambo hili linaniudhi. Tangazo husema "lina polikaboneti", lakini halisemi kiasi gani. Masanduku mengine yamevikwa utando mwembamba tu wa polikaboneti juu ya ABS, plastiki ya bei nafuu iliyo namba 4 hapa chini, ili yang'ae. Soma lebo ya ndani, usitosheke na kadi inayoning'inia kwenye mpini. Ikiandikwa "100% PC", hiyo ni polikaboneti tupu; ikiandikwa "ABS+PC" au "PC/ABS", ni mchanganyiko. Mchanganyiko wenyewe si mbaya. Ubaya ni kuulipia bei ya namba moja.

4. ABS tupu

Ni plastiki ya matofali ya kuchezea ya Lego: ngumu, nzuri, ya bei nafuu. Ila ukiikunja sana hugeuka nyeupe palipokunjwa, na ikipigwa kona hupasuka. Nunua kwa begi dogo la kuingia nalo ndani ya ndege, lisilotoka mkononi mwako.

Alumini sijaiweka kwenye orodha: ni nzito, na ikibonyea hubaki hivyo.

Ukiwa dukani, lifunge sanduku likiwa tupu na ulibonyeze kwa kiganja katikati ya kifuniko. Polikaboneti nzuri itaingia ndani na kurudi mara moja, bila alama nyeupe. Kisha lipime. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kilo 23, basi sanduku la kilo 5 limekuachia 18 tu. Jumlisha pia urefu, upana na kina, magurudumu yakiwemo. Kikomo cha kawaida cha mzigo wa kupakiwa ni sentimita 158.

Zipu itazame kwa makini, kwani ile ya meno ya nailoni huachanishwa kwa ncha ya kalamu hata ikiwa na kufuli. Kama una vitu vya thamani, tafuta sanduku la fremu na vibanio. Mwisho, tazama magurudumu yamefungwaje. Ya skrubu unaweza kuyabadilisha mwenyewe nyumbani. Ya ribiti lazima yatobolewe, na kila tundu baya kwenye polikaboneti ni mahali pengine pa ufa kuanzia.