Kadi za maneno au hadithi fupi: kipi kitakuongezea msamiati wa Kiingereza?

Kwa gharama, kadi (neno upande mmoja, maana upande wa pili) zinashinda: karatasi na kalamu tu. Neno pia hukaa kichwani haraka, hasa ukizipanga kwa visanduku kama alivyoeleza mwandishi wa sayansi Sebastian Leitner mwaka 1972: ulilokosa linarudi kesho, ulilopatia linasubiri. Ila ukizembea wiki mbili, rundo linakuelemea.

Hadithi zilizorahisishwa hazidai matunzo hayo, na zinafundisha maneno yanayoandamana. Kadi itakwambia "make" na "do" zote ni kufanya. Hadithi ndiyo itakayokuzoesha "make a mistake" lakini "do homework". Hapo wanafunzi wengi wenye bidii hukwama, na inasikitisha.

Kama kila mstari una maneno matano mageni, anza na kadi. Ukishaelewa sehemu kubwa ya ukurasa, soma hadithi. Kadi ziandikie maneno sugu tu.