Santuri za Franco kwenye flashi: tathmini ya karakana moja ya Kamalondo

Karakana hii iko katika mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, na haina kibao. Anayeitafuta huulizia kwa yule papa, yaani baba, anayeosha santuri, na mtoto yeyote wa mtaani atampeleka. Kazi yake ni kuhamisha muziki kutoka kwenye santuri na kaseti hadi kwenye flashi au kadi ya simu, kwa dola moja kwa santuri ndogo ya mizunguko 45 na dola mbili kwa ile kubwa ya mizunguko 33, ilmradi flashi ulete mwenyewe. Niliwapelekea sanduku la marehemu mjomba wangu, mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines ambaye kwa miaka mingi alinunua karibu kila kilichotolewa na mpiga gitaa na mwimbaji Franco Luambo na bendi yake, OK Jazz. Hukumu yangu ni kwamba sauti wanaijua vizuri lakini mpangilio hawaujali, na kwa mwanamuziki wa aina ya Franco kasoro hiyo inagharimu sana.

Usafishaji wao unastahili sifa. Santuri hulazwa juu ya taulo, ikapanguswa kwa maji yaliyochujwa na matone machache ya sabuni ya maji, kitambaa kikifuata mzunguko wa mifereji bila kuikata, huku karatasi ya duara ya katikati ikifunikwa kwa kifuniko cha plastiki ili isilowe. Sindano wanayotumia ni mpya, na mashine zote hupata umeme kutoka kwenye betri, kwa hiyo umeme wa mtaa ukikatika wimbo hauvurugiki. Wanajua pia kwamba nyimbo nyingi za zamani ziligawanywa pande mbili, upande wa kwanza ukiwa na mashairi na wa pili ukibeba seben, yaani sehemu ya magitaa ya kuchezea dansi, na wameziunganisha pande hizo kwa ustadi kiasi kwamba katika nyimbo kadhaa sikuweza kutambua mahali pa kiungo. Kwa dola moja, sidhani kama kuna mtu mjini anayefanya vizuri zaidi.

Tatizo huanza unapofungua flashi nyumbani. Nyimbo zote zimepangwa kwa alfabeti, bila mwaka na bila jina la kampuni iliyozitoa, ilhali mjomba alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mwaka wa kununua kwenye kila jalada, na majalada hayo niliyapeleka pamoja na santuri. Matokeo yake, wa kwanza kusikika ni ule wimbo mrefu wa 1987 wa kuwaonya watu kuhusu SIDA, yaani UKIMWI, kwa kuwa jina lake linaanza na herufi A. Msikilizaji mchanga anayeanzia hapo anakutana na mtu mzima mwenye sauti nzito anayeonya mataifa, miaka miwili tu kabla ya kifo chake, na hajui alikotoka.

Alikotoka ndiko kunakoeleza mengi. Franco alizaliwa Sona-Bata mwaka 1938 na kukulia Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki Franco akiwa bado mtoto, na mama yake akabaki kuwalea watoto kwa kuuza mikate sokoni Ngiri-Ngiri. Kijana huyo alikuwa akipiga gitaa karibu na meza ya mama, gitaa alilojitengenezea kwa kopo na nyaya za umeme zilizochunwa, na wateja walivutwa na muziki wakanunua mikate. Kwa maneno mengine, kazi yake ya kwanza ya muziki ilikuwa kuisaidia familia iliyopoteza mlishaji wake. Paul Ebengo Dewayon alimfundisha gitaa la kweli, studio ya Loningisa ilimpokea mwaka 1953 akiwa na miaka kumi na mitano, na Henri Bowane ndiye aliyelifupisha jina la François likawa Franco. Tarehe 6 Juni 1956 OK Jazz ilianza. Katika sanduku la mjomba santuri hizi za mwanzo zilikuwa chini kabisa, zimefungwa kwa gazeti. Katika flashi zimetawanyika kila mahali, moja ikiwa jirani na wimbo wa miaka thelathini baadaye.

Kilichoniudhi zaidi ni jambo ambalo karakana haikulikusudia hata kidogo. Mdogo wake Franco, Bavon Marie-Marie, alikuwa mpiga gitaa wa Négro Succès, bendi iliyopendwa sana na vijana, na mjomba alikuwa na santuri zake kadhaa. Wahudumu, wakiona jina la bendi nyingine, waliziweka katika folda waliyoiita Mengineyo, pamoja na kwaya moja na hotuba ambayo hatujui ni ya nani. Bavon alikufa katika ajali ya gari mjini Kinshasa mwezi Agosti 1970, na Franco aliumia kiasi cha kuacha muziki kwa muda. Wimbo aliomlilia nao, Kinsiona, umo kwenye flashi, chini ya herufi K, na ukimalizika anakuja Mario wa 1985 na vituko vyake vya kijana anayelishwa na mwanamke mwenye fedha. Mtu aliyekwenda matangani akasukumwa moja kwa moja hadi kwenye harusi ndiye atakayenielewa. Kama kaka na mdogo wangewekwa folda moja kwa kufuata miaka, msikilizaji angesikia magitaa mawili ya ndugu yakienda sambamba, kisha moja likinyamaza, kisha lile lililobaki likimwita mwenzake.

Na katika wimbo huohuo wa maombolezo programu ya kuondoa mikwaruzo imetumika kupita kiasi. Maraka karibu hazisikiki, nyuzi nyembamba za gitaa zimefifia, na sauti ya Franco inatoka kana kwamba ameimba ndani ya kabati. Nilipolinganisha na santuri yenyewe kwenye mashine ya jirani, mikwaruzo ilikuwepo kweli, lakini pumzi ya mwimbaji kati ya mistari nayo ilikuwepo. Santuri kubwa za miaka ya themanini hazikupata madhara haya, pengine kwa kuwa hazikuchezwa mno na hazikuhitaji kusafishwa sana. Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989 huko Namur, Ubelgiji, na Mobutu akatangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa. Santuri mbili za mwisho katika sanduku, jinsi zilivyo safi, zinaonyesha kwamba mjomba hakuzicheza mara nyingi.

Nilirudi na malalamiko, na mwenye karakana, mzee mpole anayekuita yaya (kaka au dada mkubwa) au papa kabla hujajitambulisha, aliyapokea bila ubishi. Alikubali kurekodi upya Kinsiona bila kuuchuja, bure, na kubadilisha majina ya mafaili kwa dola tano za jumla ili mwaka utangulie jina la wimbo. Kazi hiyo ilifanyika vizuri, ingawa siku ya kuchukua iliahirishwa. Anayetaka huduma hii aende nayo orodha yake iliyoandikwa kwa mkono, yenye mwaka, bendi na upande wa santuri, aombe nakala mbili, moja iliyosafishwa na nyingine isiyoguswa, na alipe nusu tu mpaka atakaposikiliza palepale. Vipokea sauti vyao vya masikioni ni vibovu, kwa hiyo abebe vyake.