Nilinunua mashine ya aiskrimu, kumbe nanunua na friza

Kama uko Kampala na umeitamani ile mashine ndogo ya kutengeneza aiskrimu nyumbani, ile yenye bakuli la kuweka friza, nisikilize kwanza kabla hujatoa pesa. Mi ninayo mwezi wa tano sasa. Nimeipenda, nimeitukana, nimeipeleka kwa fundi, na leo hii bado iko juu ya kabati langu la jikoni, kwa hivyo nina haki ya kuiongelea.

Mi ni wa Mombasa lakini naishi Kansanga mwaka wa sita huu. Joto la Kampala si joto kwa mtu aliyekulia Kisauni, ukweli usemwe, lakini watoto wangu wakiona tu picha ya aiskrimu ukutani wanageuka kama wametoka jangwani. Watatu hao. Kila Jumapili kikombe kwa kila mtoto, na mimi na baba yao hatuwezi kukaa tunawatazama tu, ukipiga hesabu ya mwezi unaona hiyo ni pesa ya kumlipa mtu mshahara. Ndo nikashuka mjini, duka moja la vyombo nyuma ya stendi ya zamani ya teksi (teksi za huku ndo matatu zetu), wakaniambia 320,000, tukavutana mpaka 270,000 za Uganda, nikarudi nyumbani na boda nimelikumbatia boksi kama mtoto mchanga.

Sasa ndani ya boksi kuna nini. Bakuli zito la kuta mbili, katikati ya hizo kuta kumefungiwa maji fulani ya dawa ambayo ukilitikisa unasikia chwa chwa. Kuna kipekecho cha plastiki cha kukaa ndani, kifuniko cha kupitisha mchanganyiko, na mota ya kuzungusha. Basi. Hiyo mashine haina baridi yake yenyewe hata chembe! Baridi yote inatoka kwenye friza yako, bakuli linaibeba tu, mota inazungusha. Muuzaji hakuniambia na mimi sikuuliza, nilidhani unamimina maziwa, unachomeka kwa soketi, unapata aiskrimu.

Kijitabu kinasema weka bakuli friza masaa 24, baridi iwe chini ya nyuzi 18 hasi. Mi nikaweka kutoka magharibi mpaka asubuhi kwenye kile kijifriza cha juu cha fridge, nikasema yatosha. Mashine ikazunguka nusu saa, ikazunguka dakika hamsini, kilichotoka ni uji wa baridi. Watoto wakaunywa kwa vikombe na wakasema ni mtamu, lakini mi nilikuwa na hasira sana. Baadaye nikanunua kile kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani nikapima kijifriza changu, nyuzi 11 hasi, na hapo hakujafunguliwa bado, manake nyumba yangu fridge inafunguliwa kama mlango wa duka. Kwa baridi ya hivyo yale maji ya kwenye kuta hayagandi vizuri, maana yametengenezwa yagande chini zaidi ya maji ya kawaida. Kipimo rahisi ni hiki: toa bakuli, litikise sikioni, ukisikia chwa chwa lirudishe, usijidanganye.

Mwishowe tukanunua friza ya kifua ya mtumba, ile ya kufungua juu. Hapo ndo utajua bei halisi ya mashine ya 270,000. Nimwambie mtu ukweli, kama huna friza ya kugandisha nyama mpaka ilie ngo ukiigonga, hii kitu usinunue. Yenyewe stima haili, imeandikwa wati 12, nusu saa yake hata uniti moja ya Yaka (stima yetu ya kulipia kabla) haifiki robo, haifiki hata sehemu ya mia. Friza ndo mlaji.

Baada ya friza mambo yakabadilika kabisa, na hapa naisifu. Unamimina mchanganyiko uliolala kwenye fridge usiku kucha, mashine ikiwa tayari inazunguka, na ndani ya dakika mbili tatu unaona utando mwembamba mweupe unashika ukutani, kipekecho kinaukwangua, unashika tena, kinakwangua. Huo ndo mchezo wote. Maji yakiganda yametulia yanatoa chenga kubwa, yakiganda huku yanakwanguliwa chenga zinabaki ndogo sana ulimi hauzisikii, na hewa kidogo inaingia. Kama dakika ya ishirini na tano sauti ya mota inabadilika, inaanza kukoroma, hapo zima. Inatoka laini kama siagi iliyokaa nje. Kile kikombe cha kwanza kilichotoka sawa nilikula nimesimama palepale jikoni, sikumwita mtu.

Kwenye yogati ya kugandisha ndo nimeipenda zaidi kuliko aiskrimu yenyewe. Sababu moja ni pesa, manake krimu nzito ya supamaketi hapa ni ghali na siku nyingine haipo kabisa, lakini maziwa Uganda hatuna shida nayo, yanashuka kutoka Mbarara na kule Ankole kila siku. Nanunua maziwa, nayachemsha, nayaacha yapoe mpaka kidole kinavumilia, natia vijiko viwili vya mtindi wa zamani, nafunika na leso mpaka asubuhi. Halafu, na hili usiliruke, naning'iniza kwenye kitambaa usiku mzima maji yake yachuruzike. Lita moja inabaki kama nusu, nzito, ukigeuza kijiko haidondoki. Ukiweka yogati bila kuchuja unapata barafu ya maziwa yenye chenga, maji ni mengi mno humo ndani.

Kwa hiyo nusu kilo na kidogo naweka sukari kama gramu 130 na vijiko vitatu vya maziwa ya unga. Najua utaona sukari ni nyingi. Mi pia niliona, nikapunguza nusu nijifanye wa afya, siku ya pili ilikuwa jiwe, kijiko kikapinda. Sukari si ya utamu tu, ndo inayozuia maji yasigande yote. Na kitu cha baridi ulimi hausikii utamu wake vizuri, ndo maana mchanganyiko ukiuonja kabla unakuwa mtamu kupita kiasi. Jirani yangu wa Mbarara alinishauri nitie kijiko cha waragi, eti nayo inalainisha, na ni kweli pombe inalainisha, lakini nyumba yangu hiyo haiingii, nikatia asali kidogo badala ya sehemu ya sukari, ikakubali.

Huyo jirani ndo alinichekesha siku alipoona aiskrimu ya vanila imeyeyuka kwenye bakuli, nyeupe, nzito, inang'aa, akaniuliza, "Nyabo (yaani mama), na wewe siku hizi unatengeneza eshabwe?" Kama hujawahi kuila, eshabwe ni ile mboga ya watu wa Ankole ya samli inayopigwa na maji na chumvi ya mawe mpaka inakuwa nyeupe kama krimu, inaliwa na karo (ugali wao wa wimbi) au ndizi. Kwa macho hutofautishi kweli. Kwa ulimi utatofautisha haraka.

Vionjo nimejaribu vingi. Pasheni ndo bingwa, ila usimimine juisi mbichi, ichemshe na sukari mpaka iwe kama shira halafu ipoe. Bogoya, ile ndizi tamu ya kula mbivu, ikiiva ina uzito wake inasaidia kulainisha. Fenesi ni tamu lakini bakuli la plastiki unalohifadhia litanuka fenesi mpaka siku ya kiama. Tikiti maji usijisumbue, ni maji matupu, unapata chenga za waridi. Vanila nilinunua maganda yake mawili makavu kwa mtu wa Mukono, manake huku inalimwa kabisa, nikapasua nikakwangua mbegu ndani ya maziwa ya moto, na wallahi ile ya chupa sijairudia. Mayai situmii, najua aiskrimu ya mayai ni tamu lakini lazima uyapike na maziwa mpaka yashike mgongo wa mwiko bila kuganda kama ya kukaanga, na mi sina subira hiyo.

Sasa malalamiko. La kwanza, boksi limeandikwa lita moja na nusu. Uongo. Ukiweka hivyo inafurika ikianza kuvimba, mi naweka mililita 900 basi. Kwa watu watano hiyo ni mara moja tu, na ukitaka tena ni kurudisha bakuli friza kungoja kesho. Kwa hivyo wale mnaofikiria kuanza biashara na hii mashine, hapana, utauza vikombe sita kwa siku.

La pili, gia. Mwezi wa tatu nilimimina kwanza ndo nikawasha, kosa langu, mchanganyiko ukaganda ukutani ukashika kipekecho, mota ikang'ang'ana, ikalia ka! kisha kimya. Nilipofungua nikakuta kigia cha plastiki chenye meno kama ya mtoto wa miaka saba, mapengo. Nikarudi dukani na risiti, wakanizungusha, mara meneja hayupo, mara waranti ni ya mota si ya gia. Nikawaachia Mungu nikaenda Katwe kwa mafundi. Fundi aliishika akacheka, "Nyabo, hii ni plastiki tu, hii wametengeneza ife." Akachonga nyingine kutoka plastiki ngumu ya sijui nini, 15,000, na mpaka leo ndo inazunguka. Inapiga kelele zaidi kidogo kuliko ile ya kwanza. Nguvu inayo zaidi.

La tatu si kosa la mashine. Stima ilikatika kwetu siku mbili mfululizo na mi nilikuwa nimeshachuja yogati ya sherehe ya mwanangu, bakuli likayeyuka chwa chwa, wageni kesho yake. Hapo ndo nikakumbuka yale madebe ya zamani ya mkono, yale ya barafu na chumvi, kuna mama wa Kimarekani aliyapatia hataza tangu 1843, na hakuwa na friza wala Yaka. Baba watoto akaenda Ggaba kwa wauza samaki akaleta barafu, nikaipondaponda ndani ya gunia, jirani akanipa chumvi ya mawe, ile ya ziwa Katwe la kule Kasese anayotumia kwa eshabwe yake (Katwe mbili zimeniokoa mwaka huu, ya mafundi na ya chumvi). Vikombe vitatu vya barafu, kimoja cha chumvi, kwenye ndoo. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke na ikiyeyuka inanyonya joto, inaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 20 hasi, ni baridi kuliko friza yangu. Katikati nikasimamisha sufuria ndogo ya stili yenye kifuniko, watoto wakapokezana kuizungusha huku na huku, kila dakika tano nafungua nakwangua ukuta kwa mwiko. Futa kifuniko vizuri kabla ya kufungua, tone moja la maji ya chumvi limeharibu kazi yote. Dakika arubaini ikashika. Mikono iliuma lakini ilikuwa laini kabisa, chenga kidogo sana pembeni, na wageni walidhani ni ya mashine.

Kwa hivyo nyota ngapi? Tatu kati ya tano. Ingekuwa na gia ya chuma ningetoa nne. Kama una friza nzuri na watoto wengi na unapenda yogati, nunua, lakini muombe muuzaji aifungue mbele yako uione gia. Kama huna friza, nunua ndoo, sufuria na chumvi, hutafika hata 60,000.

Kesho Jumapili, wameomba pasheni. Bakuli liko friza tangu jana saa nne, sasa hivi nimelitikisa sikioni, bado linasema chwa. Kuna mtu ameacha kifuniko wazi na kila nikiuliza ni nani hakuna anayeniangalia usoni.